Vita na Harufu

Harufu ilifika kabla ya kitu chenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya nchi ile. Ilishuka kutoka Puani, ikapita Ulimini, ikateremka na korongo la Umio hadi Tumboni, na wote waliokuwa kazini ukutani wakasimamisha mikono wakanusa. Nyama. Nyama ya kuchoma, mafuta yake yakidondokea makaa. Kidawa hakuwahi kuona makaa, wala hakujua nyama ya nje inafananaje ikiwa bado nzima, lakini harufu ile aliijua kama mtu anavyozijua hatua za askari mlangoni. Ikija, watu hufa.

Nchi haikuwa na mchana wala usiku. Wakati ulihesabiwa kwa milo. Mtu alizaliwa katika mlo fulani, akaolewa katika mlo fulani, akazikwa, kama kuzikwa kulikuwepo, katika mlo mwingine. Lakini siku hizo milo ilikuwa imeadimika, na tangu ilipoadimika wakati nao ulianza kupotea njia. Mambo yaliyokwisha yalitokea upya. Watu walikumbuka yale ambayo bado hayajawafika. Kidawa mwenyewe alikuwa tayari anakumbuka kifo cha mdogo wake, Zamda, na huku Zamda yuko pale pale ubavuni pake, na ndoo ya ute begani, anamcheka kwa jinsi anavyotetemeka.

Kazi yao ilikuwa kupaka ute. Mtu aifikirie nyumba iliyojengwa kwa nyama, na kazi ya nyumba hiyo ni kuyeyusha nyama. Ni nani atakayeiambia tindikali kwamba hii ni chakula na hii ni kuta? Tindikali haina macho, haina ukoo, haiulizi. Kwa hiyo ilibidi wawepo wanawake wa kupaka ute ukutani, ute mzito unaovutika, tabaka juu ya tabaka, ili nyumba isijile. Walipaka, ukaliwa, wakapaka tena. Mwenyewe, yule ambaye wote waliishi ndani yake na hakuna aliyewahi kumwona, hakuwajua hata kwa majina. Kidawa alikuwa akijiuliza jambo hili kila alipochovya mkono ndooni: hivi mwenye nguvu anajua kwamba nguvu zake zingekuwa zimekwisha kumla, kama si watu wachache wasio na sauti wanaosimama kati yake na yeye mwenyewe? Kidawa alikuwa mtu wa kunyamaza.

Zamda hakuwa hivyo. Alisema alichokuwa nacho, na wakati mwingine alisema ambacho hakuwa nacho.

"Leo tena tunapigana na harufu, dada," alisema. "Hakuna anayekuja. Hajaja mtu tangu lini? Lakini watamwaga tu, utaona."

Walimwaga. Wamwagaji walikaa juu, katika vishimo vya ukuta, na walitii neno moja tu litokalo kwa Mwenyewe. Hawakungoja kuona chakula. Babu zao hawakungoja, na wao hawakungoja. Pua ikisema nyama, wao husema tindikali. Na tindikali ikishamwagwa haina pa kurudi. Lazima ipate cha kula.

Ikaja kama mvua isiyo na wingu. Kuta nazo zikaanza kujikunja, misuli ya urefu ikivuta huku, misuli ya mviringo ikibana huku, na ile ya mshazari ikinyonga, kama mikono mitatu inayokamua nguo moja. Wanawake wakapigwa ukuta kwa ukuta. Mmoja alianguka chini penye dimbwi, akapiga kelele mara moja, na kelele yake ikayeyuka kabla yake. Hapakuwa na adui. Hilo ndilo Kidawa hakulisahau kamwe: palikuwa na vita kamili, na maiti, na vilio, na upande wa pili hapakuwa na mtu.

Zamda alikuwa akipaka mahali palipokwisha kulika, kidonda chekundu kipana kama mlango. Ndoo yake ikaisha. Akakung'uta tone la mwisho, akalipaka, likachukuliwa. Hapo akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Akaugeuzia ukuta mgongo wake, akajibandika juu ya kidonda, akatandaza mikono.

Miguu ndiyo iliyotangulia. Kidawa aliiona ikilegea, ikapauka, ikawa uji. Halafu magoti. Alitambaa kumwendea, tindikali ikimchoma viganja, na alipofika alikuta kifua na uso tu, na uso ule ulikuwa unapoteza mipaka yake. Zamda alimtazama dada yake kwa jicho lililobaki.

"Nitafute," alisema.

Kisha kuta zikajikunja tena, na kilichokuwa Zamda kikasombwa kuelekea Mlango wa Chini.

*

Wanawake wa Tumboni walikuwa na imani moja ambayo ilitembea kutoka ndoo hadi ndoo. Walisema kwamba mbali sana, ng'ambo ya Mto Mwekundu, iko nchi inayoitwa Mafigo, na huko kila mtu hutupwa kwanza, mwema na mbaya, halafu mwenye mtu wake husimama ukingoni akamdai. Anayedaiwa hurudishwa uhai. Asiyedaiwa huenda zake na hakumbukwi. Hakuna kati yao aliyefika huko. Lakini waliisimulia kwa uhakika, kama watu wanaoeleza njia ya kwenda kisimani.

Kidawa akaamua kwenda kumdai. Alijipaka ute mwili mzima, nywele, kope, ndani ya masikio, akajitupa penye Mlango wa Chini. Mlango ule haufunguki kwa adabu. Hufunguka kidogo, hutema funda moja, hufunga kwa nguvu, na anayekutwa katikati hukatika viwili. Alisubiri funda lake, akatemwa nalo.

Upande wa pili maji machungu yalikuja yakaizima tindikali kama moto unavyozimwa, na kabla hajashukuru, nyongo ya kijani ikammwagikia, ikamvua ute wote. Akabaki uchi mbele ya wakataji. Hawa walijipanga pande zote za njia, kila mmoja na mkasi wake, na kila mkasi na ujuzi wake: huyu hakati ila wanga, huyu hakati ila mafuta, huyu hakati ila nyama. Walikata bila hasira. Mtu mzima aliingia mbele yao, akatoka upande wa pili akiwa vipande visivyoweza kukumbuka kwamba viliwahi kuwa pamoja.

Mimi ni nani. Mpakaji. Mpakaji asiye na ute ni nani. Ni nyama. Nyama ya nani. Nina dada. Hapana, mimi ndiye dada. Mmoja wetu alisema nitafute. Alisema yeye au nilisema mimi?

Mkataji wa nyama akamwinulia mkasi, akamuuliza jina, si kwa kutaka kumjua, bali kwa sababu ndivyo walivyofundishwa: hukata jina kwanza, mwili ukafuata. Kidawa akafungua kinywa kujitaja, na jina lililotoka halikuwa lake. Alisema Zamda.

Mkataji akateremsha mkono. "Zamda tumeshamkata," alisema kwa uchovu. "Pita, usitujazie njia."

Kwa hiyo akapita, akiwa hai kwa kifo cha mwenziwe. Mbele, ukuta ulikuwa umeota vidole vidogo visivyo na idadi, laini kama manyoya, na vidole vile viliwapapasa wote waliokatika vya kutosha, vikawanyonya ndani. Wasioshikika walisukumwa mbele, kwenye Utumbo Mpana, ambako hukamuliwa maji mpaka wakauke, kisha hutolewa kwa mlango wa nyuma bila maneno. Kidawa alikuwa mkubwa mno kwa vidole. Akajibana, akajikunja, akasugua ngozi yake kwenye ukuta mpaka ikachunika, akapenya kama mwiba unavyopenya nyayo. Akaangukia Mto Mwekundu, na mto ukambeba hadi Inini.

*

Ini lilikuwa karakana kubwa, nyeusi, yenye joto, na msimamizi wake alikuwa mzee mmoja aitwaye Shaweji, mikono ya kijani hadi viwikoni, macho ya manjano. Kila kilichotoka utumboni kilipita kwake kabla ya kwenda popote. Alikishika, akakinusa, akakipasua, akakiunga upya au akakiponda. Alikuwa akiyumba kidogo alipomkaribisha Kidawa, akamwomba radhi kwa hilo. Alieleza kwamba Mwenyewe akikosa chakula hunywa, na akinywa, anayepigwa kwanza ni Ini. Alimwonyesha upande mzima wa karakana ambao ulikuwa umegeuka kovu, mgumu, kimya. Wafanyakazi wa upande ule, alisema, walikuwa wanawe.

Kidawa akamwelezea Zamda. Alimweleza kicheko chake na alivyokuwa akibeba ndoo begani na si kichwani, ingawa wote walimwambia abebe kichwani. Mzee Shaweji alisikiliza akiendelea kuponda. Alimjibu kwamba ndiyo, ilipita shehena kutoka Tumboni, nyama ya mle mle ndani. Siku hizi nyingi ni za namna hiyo, nchi inajila ili iishi. Sehemu aliigeuza joto, nalo limekwisha kutumika, ilikuwa baridi kule nje. Sehemu aliipeleka kwenye msuli wa mguu, kwa kuwa Mwenyewe alikuwa anakimbia. Kidogo sana kilikwenda kuwa ukucha.

"Na kilichobaki?" Kidawa aliuliza.

Kilichobaki kilikuwa sumu. Mabaki ya nyama hayana budi kuwa sumu, mzee alisema, ndivyo yalivyo mabaki. Alikipiga mpaka kikawa sumu ndogo, inayoyeyuka majini, akakitupa mtoni kielekee Mafigo.

Kidawa akasimama katikati ya moshi wa karakana. Joto, msuli, ukucha, sumu. Alitaka kuuliza jambo moja tu, na aliona haya kuliuliza, kwa sababu lilikuwa kama swali la mtoto.

"Katika hivyo vyote, mzee wangu, Zamda ni kipi?"

Shaweji akaacha kuponda. "Mwanangu, mimi sijui watu," alisema. "Najua matumizi."

Kisha, labda kwa huruma, labda kwa kulewa, akamwambia kwamba Mafigo wana uhaba wa mikono, mikono huko huisha upesi, akamsukuma kwenye mkondo unaopita nyuma ya chujio la huko, ili afike ukingoni bila kupitia matundu.

*

Alisikia Mafigo kabla ya kuyaona. Mto Mwekundu ulipofika pale ulibanwa katika fundo la mishipa myembamba, na kwa kubanwa ulipata hasira, ukajipigiza kwenye chujio kwa kishindo kisichokoma. Wakubwa waligonga wakarudi. Wadogo wote walipenya, wakaanguka upande wa pili: sukari, chumvi, maji, sumu, vipande vya watu, wote pamoja, wakilia kwa sauti moja. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya huko. Kwingine kote hutafutwa mwenye hatia, akashikwa. Mafigo hawakutafuta mtu. Wote walihukumiwa kwanza, kisha wachache wakasamehewa, na msamaha uliitwa haki.

Ukingoni mwa mfereji walipiga magoti wanawake, wamejipanga bega kwa bega, mikono majini. Mkubwa wao alikuwa Bi Siwema, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye viganja vyake vilikuwa na vishimo vya umbo la punje ya sukari. Kidawa akamwamkia shikamoo, akamwambia amekuja kumdai mdogo wake. Wanawake waliokuwa karibu wakatazamana, mmoja akacheka puani.

Bi Siwema hakucheka. Alimweleza kwamba hapo hadaiwi mtu. Kila mkono unajua kitu kimoja. Wake unajua sukari; ikipita sukari unaishika wenyewe, hata akiwa amesinzia. Wa jirani unajua chumvi, wa yule pale maji. Wanashika, wanarudisha mtoni, basi. Sumu haina mkono wa kuidai. Hao wa Tumboni, alisema, wamesikia "hudaiwa", wakajitungia ndugu.

Kidawa akapiga magoti hata hivyo, akatumbukiza mikono. Akangoja viganja vyake vimwambie. Maji yalipita, yakapita, na hakuna kilichomwambia neno. Sura hazikuwepo. Majina yalikwisha kukatwa. Zilipita punje za sumu zisizotofautiana, kila moja ikiunguza kidogo, na yoyote ingeweza kuwa yule, na nyingi hazikuwa yule, na hapakuwa na alama.

Ndipo alipoanza kuzishika zote.

Alizikamata kwa viganja, akazirudisha mtoni, akakamata nyingine. Huyu wangu. Na huyu wangu. Ngozi ya mikono ikababuka na hakuacha. Mwanamke wa jirani alimtazama kwa muda, kisha akaachia chumvi akakamata sumu moja, pengine naye alikuwa na mtu. Wa tatu akafuata. Mfereji ukaanza kukauka, na Mto Mwekundu ukaanza kunuka.

Habari zikateremka kutoka kila upande. Kope za Mwenyewe zimevimba. Miguu imejaa maji. Pumzi yake inanuka mkojo, ngozi inamwasha, anajikuna hadi damu. Huko Moyoni waliimba wimbo wa kazi na sasa wanakosea pigo. Inini watu wanaanguka. Ardhi yote ikatetemeka, na chujio likapasuka mahali fulani.

Bi Siwema akamshika Kidawa mabega, akamgeuza, na kwa mara ya kwanza akampandishia sauti.

"Ukimrudisha huyo anakuja kutuua sote, wewe na sisi. Na hata hujui kama ni yeye."

"Sijui," Kidawa alisema. "Ndiyo maana siwezi kumwacha hata mmoja."

Bi Siwema alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo la upole na halijui. Kisha akatoa ishara. Wanawake wakamlaza Kidawa kifudifudi, wakamnyoosha mikono juu ya ukingo, na wakamvunja vidole, kimoja baada ya kingine, kwa magoti yao. Hawakufanya kwa chuki. Yule aliyemwiga alikuwa miongoni mwao, na alilia wakati wote akivunja. Sauti ya mifupa ilikuwa ndogo kuliko Kidawa alivyodhani. Walipomaliza wakamtupa katika mfereji pamoja na wengine, wakarudi kupiga magoti, na mikono yao ikaanza tena kushika inachokijua.

*

Mrija ulimbana, ukamsukuma, ukambana tena, ukamtema katika ziwa lililofungwa pande zote. Kibofu. Maji yalikuwa ya manjano, ya vuguvugu, yametulia. Wote waliokataliwa walikuwa humo. Kila tone lilipoingia, kuta zilisogea nyuma kidogo kuwapisha, kama wenyeji wakarimu, na hilo ndilo lililotisha: kwamba nafasi ilikuwa haiishi, kwamba mtu angeweza kuzoea.

Ziwa lilikuwa na malango mawili, moja nyuma ya jingine. Lango la ndani hufunguka lenyewe kuta zikichoka, halimsikilizi mtu. La nje humsikiliza Mwenyewe peke yake. Hufungwa kwa aibu yake, hufunguliwa kwa faragha yake. Kati ya uchovu na aibu ndimo wote walimokuwa wakisubiri.

Kidawa alielea chali, mikono imevimba kama mikate. Hakuwa na kiganja tena cha kumwambia kitu. Alichobakiwa nacho ni sauti, ambayo hakuwahi kuitumia sana. Akaita.

"Zamda."

Ziwa zima likaitika. "Abee, dada."

Waliitika wote, waliokuwa wanaume na waliokuwa wanawake, waliokuwa nyama, na maharage, na watu wa ukutani, na wasiojua walikuwa nini. Hakuna aliyekuwa na jina, kwa hiyo jina lililoitwa lilikuwa la kila mmoja. Kidawa akalia kwa sauti. Alikuwa amempata, na hakuwa na njia ya kumtoa humo.

Lango la ndani likafunguka. Maji yakaanza kwenda mbele, yakagonga lango la nje, yakarudi yakigonganisha waliomo. Kuta zikakaza. Wakapondana. Kidawa akanyoosha mikono kushika, na vidole vikaning'inia kama nyuzi. Mmoja akampita usoni akisema dada, mwingine akampita shingoni akisema dada, na lango la nje lilikuwa linalegea, tayari mwanga mweupe unapenya, mwanga ambao hakuwahi kuuona.

Hakuwa na mikono. Katika nchi ile yote, kuanzia Tumboni hadi hapo, alikuwa ameona njia moja tu ya kumshika mtu asiyeweza kushikika. Akafungua kinywa, akakiweka mbele ya mkondo, akameza. Akameza aliyesema dada na aliyenyamaza. Punje za sumu ziliunguza ulimi, zikaunguza koo, akameza. Lango likaachia, wakatoka wote kwa nguvu moja, na yeye akitoka nao alikuwa bado anameza.

Akaangukia mchanga wa moto, chini ya ukuta usio wa nyama. Mchanga ukawanywa wale wengine papo hapo. Walisikika kidogo, kisha hawakusikika. Kidawa akabaki amelala ubavu, tumbo limejaa, na akainua macho.

Akamwona Mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, kope zimevimba, viatu vimekatika visigino, anafunga suruali kwa kamba huku akitazama nyuma. Mgongoni shati lilikuwa limegandamana na alama za fimbo. Mahali fulani jirani watu walikuwa wanachoma nyama. Moshi ulipita juu ya ukuta, naye akasimama kidogo, akanusa, akameza mate. Kisha mtu akapaza sauti ng'ambo, sauti ya kumtafuta, na yeye akakimbia.

Kidawa alimfuata kwa macho hadi alipopotea. Tumboni mwake kulikuwa na mtikisiko mdogo, kama watu wengi wanaojaribu kukaa kwenye chumba kimoja. Akawaambia kwa kunong'ona watulie, wamekwisha kufika. Moshi wa nyama ukashuka, ukamwingia puani.

Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasikia njaa.